Kutafuta Asili ya Ukoo Wako Ukiwa Mtu wa Tanga: Maswali Yanayoulizwa Kila Mara

Haya maswali yanajirudia misibani, kwenye magrupu ya ukoo ya WhatsApp na barazani kwenye kahawa. Nimeyaweka pamoja ili mtu akiuliza tena nimtumie linki tu basi. Mengi yanahusu Tanga na wilaya zake, ila mtu wa Bagamoyo naye atajikuta humu.

## KUANZA

Sina hata jina la baba wa babu. Naanzia wapi?

Anza na wewe mwenyewe alafu upande. Chukua daftari, andika jina lako, wazazi wako, walizaliwa wapi, ndugu zao wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, alafu wazazi wa hao, na pale unapokwama ndo swali la kumpelekea mtu. Wengi wanakimbilia intaneti kwanza, wanaandika jina la ubini kwenye Google wanasubiri mababu watokee, kwa huku kwetu hiyo haitoki. Habari za familia nyingi za Tanga hazijaandikwa popote, ziko kwa mtu, na huyo mtu ana miaka themanini na kitu na presha juu. Kama yupo mzee mmoja tu amebaki, mambo ya nyaraka na DNA yasubiri, nenda kwake wiki hii.

Na usiulize wenye ukoo peke yao. Bibi aliyeolewa kwenye huo ukoo mara nyingi anajua kuliko wazaliwa, kwasababu alipoingia ilibidi ajifunze nani ni nani, nani mtoto wa mke mkubwa, na nani hasalimiani na nani na kisa chake.

Nimuulize vipi mzee bila kumchosha?

Salimia, kaa, kunyweni kahawa, simu iache mfukoni kwanza. Ukifika na kumwambia "bibi nipe historia ya ukoo wetu" atakujibu "sisi watu wa hapahapa tu mjukuu wangu" na habari imeishia hapo. Uliza kitu chenye mahali na mtu ndani yake. "Mlipokuja Ngamiani mlifikia barabara ya ngapi, nyumba ya nani?" Hilo litamtoa mbali. Lingine zuri sana kwa familia za Kiislamu ni "bibi ulipoolewa walii wako alikuwa nani?" maana kama baba alishafariki walii, yaani mwanamume wa kumuozesha, anatoka upande wa baba, kwahiyo linakuja jina la kaka, ami au babu ambae hujawahi kumsikia, na ukiuliza "huyo alikuwa anakaa wapi" unakuta kumbe kuna tawi zima lipo Moa au Pangani.

Omba ruhusa ndo urekodi. Rekodi kwa rekoda ya simu, sio kwa voisi ya WhatsApp, kwasababu ukibadilisha simu zile zinapotea kirahisi. Faili lipe jina la mzee na tarehe, alafu nakala weka Google Drive na nyingine kwa ndugu mwingine.

Wazee hawajui mwaka waliozaliwa, nafanyaje?

Usimlazimishe kutaja mwaka, atakutajia wowote ili umuache. Tumia matukio. Yapo yenye tarehe zinazojulikana: vita ya Mjerumani hapa Tanga Novemba 1914, mafua makubwa ya 1918, rupia kuondoka na shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, Uhuru 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Azimio la Arusha Februari 1967, Operesheni Vijiji miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 hadi 1979.

Mfano bibi anakwambia wakati wa Mapinduzi watu wanakuja na majahazi kutoka Unguja na Pemba yeye ndo kwanza amevunja ungo, yuko ndani. Basi alikuwa na miaka kama 12 hadi 15, kwahiyo kazaliwa kati ya 1949 na 1952. Andika "karibu 1950" na andika pembeni umeipataje. Ile tarehe ya 1 Januari au 1 Julai iliyopo kwenye kitambulisho usiiamini sana, wengi waliandikiwa tu.

Apu gani nzuri?

Yoyote utakayoitumia kweli. FamilySearch ni ya bure, ila mti wake ni mmoja wa dunia nzima na watu wengine wanaweza kuhariri babu yako, wengine hilo hawalipendi. Kitu cha kuangalia ni kama apu inakuruhusu kutoa faili la GEDCOM, hilo ndo linabeba mti wako wote ukihamia kwingine. Mimi bado naamini daftari la kaunta buku kwanza, apu baadae.

## MAJINA

Kwanini majina yanajirudia mpaka nachanganyikiwa?

Kwasababu mjukuu anapewa jina la babu. Juma anamzaa Ali, Ali anamzaa Juma, Juma anamzaa Ali, na ndugu watatu wa Ali nao kila mmoja ana Juma wake. Usiandike jina moja wala mawili, andika matatu au manne na uongeze kitambulisho, Juma wa Mwambani, Juma fundi seremala, Juma mume wa fulani. Na jina la utani usilidharau, kuna wazee jina la cheti halijulikani na mtu yeyote mtaani, ukilitaja wanakwambia huyo hatumjui.

Babu alibadilisha jina, ukoo wake nitaupataje?

Hii ipo sana. Mtu alisilimu akapewa jina jipya, au alibatizwa, au karani wa shamba la mkonge alishindwa kuandika jina akamwekea la kabila lake (tazama sehemu ya manamba, vibarua wa mkonge, hapo chini). Tafuta jina la nyumbani. Anaelijua ni dada yake au mtu aliyekuja nae, na mara nyingi linatoka msibani au kwenye tambiko pale watani wanapoanza kutania maiti. Mtani anatoboa vitu ambavyo familia imenyamaza miaka arobaini, na hakuna wa kumkasirikia.

Nifuate upande wa baba au wa mama?

Zote mbili. Huku pwani ubini ni wa baba lakini kwa Wazaramo, Wakwere na Waluguru ukoo wenyewe unafuata mama, kwahiyo mtu wa Bagamoyo akifuata ubini peke yake anaweza kuukosa ukoo wake wote. Kwenye ndoa za mchanganyiko, mfano baba Mdigo mama Mbondei, uliza kila upande unahesabu vipi kabla hujaanza kuchora.

## MAKARATASI

Nyumbani kuna karatasi gani za maana?

Kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni karatasi ya hitima. Familia nyingi zikisoma hitima, hasa Shaaban kabla ya Ramadhani, zina orodha ya marehemu ambayo sheikh anapewa awaombee dua. Mara nyingi ni karatasi ya daftari iliyokunjwa nne, imechanika kwenye mikunjo, juu kuna wino wa zamani na hati nzuri ya mkono, chini bolpeni tatu tofauti kila aliyefariki anaongezwa. Nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hiyo karatasi ni mti wa ukoo uliopangwa kwa vifo. Ipige picha mchana dirishani bila flashi, mbele na nyuma, alafu kaa na mzee mtaje jina moja moja "huyu nani kwetu?" Utakuta majina mawili matatu hakuna anaejua ni nani ila yanasomwa kila mwaka, hayo ndo ya kufuatilia.

Ya pili ni muhtasari wa kikao cha familia cha mirathi. Marehemu akifariki na kesi ikapelekwa Mahakama ya Mwanzo, ukoo unakaa, unaandika wake, watoto wote, mali na msimamizi, watu wanasaini. Kama nyumbani haupo, jalada la mirathi linaweza kuwa bado liko mahakamani. Usome kwa jicho la pili lakini, kwasababu kikao cha mirathi ndo mahali ambapo mtoto wa nje anasahaulika kwa makusudi.

Alafu kuna msahafu au Biblia yenye tarehe za kuzaliwa kwenye kurasa za mwanzo, risiti za kodi, cheti cha ndoa, hati ya shamba la minazi yenye majina ya majirani, na picha za studio, nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio na mji. Shule za zamani nazo zina rejesta ya kuandikisha wanafunzi yenye jina la mzazi na kijiji.

RITA hawawezi kunitafutia?

RITA wanatoa vyeti vya vizazi na vifo, na siku hizi maombi yanaanzia onlaini, lakini hawakuchoreei ukoo. Wazee wetu wengi hawakusajiliwa walipozaliwa kwahiyo hamna cha kutafuta. Wanafaa kwa vifo vya karibuni na kwa kusajili waliochelewa.

Vitabu vya kanisa je?

Kama kwenu kuna Ukristo hata kizazi kimoja, nenda. Waanglikana wa UMCA walikuwa Magila, karibu na Muheza, tangu karne ya 19, Walutheri wa Bethel walikuwa Usambaa tangu miaka ya 1890, na Bagamoyo misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza 1868 na ikapokea watu wengi waliotolewa utumwani. Daftari la ubatizo lina jina la zamani, jina jipya, wazazi, msimamizi na tarehe, na kwa Wakatoliki pembeni wanaandika na ndoa iliyofuata. Vile vya zamani vya Kikatoliki vimeandikwa Kilatini ila usiogope, maneno ni yaleyale kila mstari, ukishajua filius ni mtoto wa kiume na filia wa kike umeshamaliza nusu ya kazi.

Nenda na barua ya utambulisho, nenda siku ya kazi, na mwambie paroko mwaka unaoutafuta, sio "nataka kuona vitabu vyote". Makaratasi ya UMCA yenyewe yako Uingereza, maktaba ya Bodleian pale Oxford.

Nyaraka za Taifa kuna habari za babu yangu?

Ziko Dar, Upanga, na kuna majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza. Mtu wa kawaida anaonekana humo akiwa na kesi, shamba, cheo au matatizo. Kama babu alikuwa jumbe, akida, karani, mwalimu au askari una bahati. Kama alikuwa mkulima tu pale Maramba, tafuta kijiji badala ya jina, utapata mgogoro wa mpaka au orodha ya majumbe na hapo jina linaweza kutokea. Walimu na makarani wa enzi ya Mjerumani wajaribu pia kwenye gazeti la Kiongozi, lilitoka Tanga 1904 hadi 1916.

Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin, Bundesarchiv, mengi yameshaskaniwa na unayaona bure kwa simu yako. Shida ni ile hati ya mkono ya Kijerumani cha zamani, hata Wajerumani wa leo haiwapandi. Ipo programu inaitwa Transkribus inasoma hati hizo, inakosea kosea lakini inakutoa gizani, alafu unaitafsiri kwa mashine. Kwa mambo ya enzi ya Sultani, wakfu na hati za Kiarabu, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Kumbuka pwani yetu ilikuwa chini ya Sultani mpaka Mjerumani alipoinunua 1890.

## WALIOKUJA NA MKONGE

Babu alikuja kama manamba na hakuwahi kurudi kwao. Nitajuaje alitoka wapi?

Tanga waja leo waondoka leo, ila hawa hawakuondoka. Mkonge uliingia 1893, na kuanzia hapo mashamba yalikula watu, wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Unyamwezi, Rwanda, Burundi, Msumbiji. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalum ya kuajiri ikiitwa SILABU, watu wanapakiwa kwenye treni na malori na kuletwa makambini. Kila mtu alikuwa na namba na kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na jina lililoandikwa pale ni lile karani alilosikia.

Fanya hivi. Tafuta jina la kambi, sio shamba tu, maana watu wa asili moja walipenda kukaa pamoja. Tafuta familia zilizokuja lori moja na babu, watoto wao wapo hapohapo Korogwe, Muheza au Amboni. Uliza alikuwa anamuitaje mama yake, alikuwa anaimba nini akilewa, nani walikuwa watani zake, alikuwa na chale usoni au hapana. Muha, Mngoni na Mmakonde hawafanani kwenye hayo. Ukishapata kabila na jina la nyumbani nenda kwenye grupu za Facebook za wilaya husika na redio za kule, watu wanatangaza "anatafutwa ukoo wa fulani aliyeondoka kwenda mkonge" na majibu yanakuja. Mtu aliyepotelea Tanga huko kwao hawajamsahau, pengine walishamfanyia matanga.

## DNA

Nipime DNA nijue kabila langu?

Hapana, kwa lengo hilo utapoteza hela. Vipimo vya nje vinalinganisha wewe na watu waliopo kwenye hifadhi yao, na wa kwetu humo ni wachache, kwahiyo utaambiwa Afrika Mashariki asilimia kadhaa, ambayo ulikuwa unaijua. Mbondei na Mzigua hawatenganishwi na mate kwenye kichupa.

Inachoweza vizuri ni kutafuta ndugu. Nusu ya vinasaba vyako ni ya baba nusu ya mama, kwa babu mmoja ni kama robo, na mkishea vya kutosha na mtu wa Muscat au Marekani mfumo unawaunganisha. Kwa mwenye tawi lililopotelea nje hapo inafaa.

Hapa nchini napima wapi?

Mambo ya vinasaba yako chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya 2009. Kipimo cha nani baba wa nani hauendi tu dirishani, maombi yanapitia mahakama, ustawi wa jamii, wakili na wengine waliotajwa kwenye sheria. Na kutuma sampuli nje nako kuna utaratibu, ulizia kwao kabla hujapakia mate posta.

Data zangu ziko salama?

Fikiria kabla. 23andMe, kampuni ya nje ya kupima DNA, walidukuliwa 2023 zikachukuliwa taarifa za watu kama milioni 6.9, na Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Na ukipima umewapima na ndugu zako ambao hawakuulizwa.

Sisi tunaambiwa ni Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, ni kweli?

Mwaka 2023 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature, walichukua DNA ya mifupa ya watu 80 wa miji ya zamani ya pwani na bara yake kidogo, Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingine, waliozikwa kati ya 1250 na 1800. Wengi walikutwa wamechanganyika, zaidi ya nusu ya asili yao ni Waafrika hasa upande wa akina mama, na upande wa akina baba kuna Waajemi wengi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwahiyo wazee hawakutunga. Ila hao walikuwa watu wa makaburi ya matajiri, haina maana kila mwenye kusema Mshirazi leo mfupa wake utasema hivyo. Na mbona bibi Mwafrika aliyemzaa huyo Mshirazi hatajwi kwenye nasaba? Jina lake ndo la kutafuta.

## YALE MAGUMU

Mzee akifika kwa babu fulani ananyamaza. Kuna nini?

Inaweza kuwa mambo mengi, ila huku pwani fikiria utumwa. Sio zamani kama watu wanavyodhani. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, Mjerumani alisema watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru, na sheria ya kuumaliza kabisa Tanganyika ni ya Mwingereza, 1922. Bibi aliyezaliwa 1940 mama yake anaweza kuwa alizaliwa nyumbani kwa bwana.

Familia nyingi zilichukua ubini wa bwana, ndo maana unaona ubini wa Kiarabu na hakuna undugu wowote Oman. Majina kama Mabruki, Feruzi na Almasi walipewa sana watumwa, lakini waungwana nao waliyatumia, usimhukumu mtu kwa jina. Usiulize mbele za watu, usiulize "tulikuwa watumwa?" Uliza "babu alilelewa nyumba ya nani?" Akikujibu, sikiliza. Asipojibu, achana nae siku hiyo. Na habari za familia nyingine iliyopo hai usizipost, kuna ndoa zinavunjika kwa maneno hayo mpaka leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Nimesikia kuna Wazigua Somalia, ni ndugu zetu kweli?

Ndiyo. Walichukuliwa karne ya 19, wenyewe wanasimulia njaa na ahadi za uongo za kazi, wakaishia bonde la mto Juba na Kizigua chao hawakukiacha. Vita ya Somalia ilipoanza 1991 wengi walikimbia, wengine wakarudi Handeni, makazi ya Chogo, na wakapewa uraia wa Tanzania, wengine wako Marekani. Kama wewe Mzigua na una majina ya koo na vijiji vya zamani, hao wazee wa Chogo wanayo yaliyosahaulika huku.

Nimegundua babu alikuwa na mtoto nje. Nimuweke kwenye mti?

Kwenye nakala yako muweke, ni mtu na ana kizazi. Kwenye nakala ya grupu la ukoo subiri mpaka umeongea na yeye au watoto wake, wao ndo wa kwanza kuulizwa, sio shangazi mwenye maneno. Kama umemgundua kupitia DNA rudia swali la data hapo juu, maana yeye pengine hajui chochote. Na kama mirathi ya babu bado haijafungwa mtafutie ushauri wa wakili au kadhi kabla ya kumtumia meseji, kwasababu ukishamtumia hiyo meseji kesho yake ndugu zako watakuuliza umelipwa na nani.